Kifaranga Asiyetarajiwa katika Tangi la Samaki Wazaao

Samaki wengi wanaofugwa katika matangi ya kioo hutaga mayai, na mfugaji makini huyaona yakiwa yamenata kwenye majani au kwenye kioo kabla ya kifaranga wa kwanza kuanza kuogelea. Samaki wazaao ni wa namna nyingine: jike hubeba mayai tumboni mwake mpaka yakomae, kisha huwatoa watoto walio hai, wenye macho yanayoona na mapezi yanayofanya kazi, ambao ndani ya saa chache hutafuta maficho kati ya mimea iliyo karibu na uso wa maji. Ndiyo maana tangi lao linaweza kulala na samaki watano na kuamka na thelathini, bila mwenye nyumba kuona dalili yoyote aliyoielewa, na swali linalofuata, la kujua watoto hao ni wa nani, mara nyingi hujibiwa kwa kukisia.

Makisio hayo hukosea kwa sababu huanza na sura. Mfugaji humtazama kifaranga, humlinganisha na samaki wakubwa anaowajua, na humtafutia anayefanana naye. Lakini kifaranga wa siku moja, wa karibu spishi yoyote ya samaki wadogo, ni mwili mwembamba wa kijivu unaopitisha mwanga, wenye macho makubwa kuliko kichwa kinavyostahili, na rangi ambayo watu huitegemea kuwatofautisha wakubwa bado haijajitokeza. Hoja ya maandishi haya ni kwamba utambuzi wa kuaminika hufuata mpangilio wa kinyume: kwanza huulizwa njia ambazo kiumbe huyo angeweza kupitia mpaka akafika tangini, kisha namna alivyoanza maisha, yaani kama alizaliwa au aliangua kutoka katika yai, na mwisho ndipo hutazamwa umbo la mdomo, mapezi na mkia. Mpangilio huo una uzito wa pekee katika mji kama Kolwezi, kusini mwa Kongo, ambako tangi la sebuleni na kijito cha karibu vinaweza kuwa na samaki wanaofanana sana utotoni, ingawa asili zao zimetenganishwa na Bahari ya Atlantiki.

Samaki wazaao wanaofugwa zaidi duniani ni wa familia ya Poeciliidae, na makao yao ya asili ni Amerika. Gapi, ambaye jina lake la kisayansi ni Poecilia reticulata, alielezwa mwaka 1859 na Mjerumani Wilhelm Peters kutokana na samaki wa Venezuela. Jina analojulikana nalo madukani linatoka kwa Robert John Lechmere Guppy, ambaye vielelezo vyake kutoka Trinidad vilimfikia Albert Günther huko London na kuelezwa upya mwaka 1866. Moli ni spishi kadhaa za jenasi hiyohiyo, zikiwemo Poecilia sphenops na Poecilia latipinna. Plati ni Xiphophorus maculatus, na mkia-upanga, ambaye dume lake lina ncha ndefu chini ya pezi la mkia, ni Xiphophorus hellerii. Hao wawili ni wenyeji wa Meksiko na nchi za jirani za Amerika ya Kati. Afrika Mashariki ina mzaaji wake maarufu, silakanti wa vilindi vya bahari ya Tanga, ambaye mwaka 1975 ilithibitishwa kwamba hubeba watoto tumboni, lakini katika mito ya Afrika hakuna gapi, moli wala plati wa asili. Kwa hiyo kila mmoja wao aliyeko Dilala, mojawapo ya komine mbili za Kolwezi, ni mzao wa samaki waliosafirishwa na watu.

Kabla ya kumshuku mgeni, ni lazima kwanza mama mwenyewe aondolewe katika orodha ya washukiwa, na jambo hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Jike wa familia hii hahitaji dume awepo ili azae. Baada ya kupandwa mara moja, huhifadhi mbegu za kiume katika mikunjo ya ovari yake na kuzitumia kidogokidogo, akizaa mara kadhaa mfululizo; hivyo jike aliyenunuliwa peke yake, akawekwa katika tangi lisilo na dume hata mmoja, anaweza kuzaa mwezi huu, akazaa tena mwezi ujao, na tena baada ya hapo. Utafiti uliofanywa katika vijito vya Trinidad na kuchapishwa mwaka 2013 na Andrés López-Sepulcre na wenzake ulionyesha kwamba dume la gapi linaweza kuendelea kupata watoto hadi miezi 10 baada ya kufa kwake, kwa sababu mbegu zake hubaki hai ndani ya majike waliobaki hai baada yake. Aidha, watoto wa mzao mmoja mara nyingi huwa na baba zaidi ya mmoja. Mfugaji anayeshangaa kwamba vifaranga wake hawafanani na dume pekee analolijua anasahau dume lililobaki katika tangi la muuzaji.

Dalili za mimba zipo kwa anayejua pa kutazama. Nyuma ya tumbo, karibu na pezi la mkundu, yaani pezi dogo lililo chini ya mwili nyuma ya tundu la haja, jike huwa na sehemu yenye weusi inayoitwa doa la mimba, ambayo huongezeka ukubwa na kukolea kadiri siku zinavyokwenda, na katika majike wenye ngozi nyepesi macho ya watoto huweza kuonekana humo siku za mwisho. Dume hutambulika kwa pezi hilohilo la mkundu, ambalo kwake limerefuka na kuwa kijiti chembamba kinachoitwa gonopodi, ambacho hutumika kupitishia mbegu. Kwa joto la nyuzi 25 hivi, gapi na plati huzaa kila baada ya wiki nne kwa kadirio, ilhali moli huweza kuchukua wiki sita au zaidi. Kolwezi iko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai maji ya tangi lisilo na kipasha joto, au ambalo umeme wake umekatika, hupoa kiasi cha kurefusha mimba hata kwa majuma. Hesabu ya siku iliyokuwa sahihi wakati wa mvua huacha kuwa sahihi wakati wa kiangazi, na mzao uliokwisha kusahauliwa huonekana kana kwamba umetoka pasipojulikana.

Rangi nayo ina historia yake, na historia hiyo inaeleza kwa nini haifai kuwa ushahidi wa kwanza. Mwaka 1920 mwanasayansi wa Denmark Johannes Schmidt alionyesha kwamba madoa ya gapi hupita kutoka kwa baba kwenda kwa watoto wa kiume, bila mama kuonyesha dalili yoyote ya kuyabeba, na miaka miwili baadaye Øjvind Winge wa nchi hiyohiyo akaeleza sababu: vinasaba vingi vya madoa hayo vimo katika kromosomu Y, ile ambayo dume peke yake huwa nayo. Matokeo yake kwa mfugaji ni kwamba kifaranga wa gapi huzaliwa akiwa wa kijivu, awe wa kiume au wa kike, na dume huanza kupata rangi baada ya majuma kadhaa, wakati uleule ambapo gonopodi inaanza kuonekana. Kumhukumu gapi wa siku tatu kwa rangi ni kumhukumu kwa kitu ambacho bado hajapewa. Plati na moli ni tofauti kidogo, kwa kuwa kifaranga wa plati mwekundu mara nyingi huonyesha wekundu hafifu mapema, na watoto wa moli mweusi huzaliwa wakiwa na weusi au mabaka.

Uchotara huzidisha utata. Plati na mkia-upanga ni wa jenasi moja, huzaliana kwa urahisi katika tangi, na watoto wao wana uwezo wa kuzaa. Wengi wa samaki wanaouzwa kwa majina hayo mawili tayari ni matunda ya michanganyiko ya vizazi vingi, na kwa hiyo plati mnene anayezaa dume lenye upanga mfupi hajafanya jambo la ajabu. Mchanganyiko huo ulipata umaarufu katika tiba pale Myron Gordon wa Marekani na Curt Kosswig wa Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1920, walipogundua kwamba plati wenye madoa meusi wakichanganywa na mkia-upanga, na watoto wao wakarudishwa kwa mkia-upanga, baadhi ya wajukuu huota uvimbe wa saratani ya ngozi kutoka katika madoa hayo. Mfugaji anayeona chotara mwenye doa jeusi linalotanuka na kuinuka juu ya ngozi anapaswa kulifahamu hilo na kutomzalisha. Gapi naye huchanganyika na jamaa yake mdogo wa Venezuela, Poecilia wingei, ambaye alipewa jina la kisayansi mwaka 2005 tu, kwa heshima ya huyohuyo Winge. Gapi na moli wanaweza kupata watoto pamoja, ila kwa nadra sana, na maelezo hayo yasikimbiliwe kabla ya mengine kushindwa. Na yuko moli mmoja, Poecilia formosa wa mpakani mwa Meksiko na Marekani, ambaye jamii yake ni ya majike watupu: huhitaji mbegu za dume la spishi nyingine ili mayai yaanze kukua, lakini hazichanganyi na urithi wake, na binti huwa nakala ya mama. Carl na Laura Hubbs walilitangaza jambo hilo mwaka 1932, na lilikuwa la kwanza kujulikana miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo; madukani, hata hivyo, samaki huyo ni adimu.

Ikiwa hakuna jike ambaye angeweza kumzaa, au mwili wa kifaranga unapinga uzazi huo, swali la pili ndilo huamua mengi: alizaliwa au aliangua? Hapa rula ina faida kuliko macho. Kifaranga wa gapi huzaliwa akiwa na urefu wa milimita 6 hadi 8, wa moli hukaribia au kufikia milimita 10, na wote huzaliwa wakiwa wamemaliza karibu kiini chote cha yai, wakiogelea na kuuma chakula siku hiyohiyo. Kifaranga aliyeangua kutoka katika yai dogo lililotagwa majini huanza na milimita 3 au 4 hivi. Tumboni hubeba kifuko cha kiini anachokitegemea kwa siku za mwanzo, mdomo wake haujafunguka vizuri, na kwa samaki wengi hubaki amening'inia kwenye kioo au jani, akiruka ghafla na kunata tena. Kwa hiyo kijiti kinachopitisha mwanga, cha milimita 4, kilichonata kwenye kioo, hakikutoka tumboni mwa gapi, hata kama tangi limejaa gapi watupu. Kipimo hiki kina dirisha fupi, kwa sababu baada ya wiki mbili au tatu aliyeangua humfikia aliyezaliwa, na ndiyo sababu siku ya kwanza ya kuonekana kwa kifaranga inafaa iandikwe.

Aliyeangua lazima yai lake liliingia kwa namna fulani. Ile imani ya kwamba samaki huzuka tu penye maji haina msingi, ingawa asili hufanya safari za kushangaza: mwaka 2020 watafiti wa Hungaria walionyesha kwamba mayai machache sana ya samaki jamii ya kapu yaliyomezwa na bata yalitoka upande wa pili yakiwa hai. Ndani ya nyumba njia ni za kawaida zaidi. Mimea ya majini iliyochumwa kijitoni au pembezoni mwa bwawa ndiyo ya kwanza, kwa kuwa mayai ya samaki wadogo wengi yana nyuzi au gundi inayoyashikiza kwenye majani, na ni madogo kiasi cha kudhaniwa povu. Maji ya ndoo yaliyotekwa mtoni wakati bomba limekauka ni ya pili. Maji ya kisima kirefu kilichotobolewa kwa mashine hayana samaki. Ya tatu ni tope na changarawe, na ya nne ni wavu au mfuko wa plastiki uliotumika kwenye bwawa la samaki kisha ukatumbukizwa tangini bila kusuuzwa wala kukaushwa.

Katika eneo la Lualaba, sehemu ya Katanga ambamo Kolwezi imo, njia ya kwanza huelekea kwa mshukiwa ambaye vitabu vya Ulaya na Marekani vya ufugaji wa gapi havimtaji hata kidogo. Vijito na madimbwi ya Katanga vina samaki wadogo wenye sehemu ya juu ya jicho inayong'aa, ambao hapa wataitwa macho-taa, na anayejulikana zaidi kati yao ni Lacustricola katangae, aliyeelezwa na George Albert Boulenger mwaka 1912 na ambaye huishi pia katika mabonde ya Zambezi na Okavango. Hakui kuzidi sentimita 4 au 5, huogelea karibu na uso wa maji kama gapi afanyavyo, mdomo wake umeelekea juu kama wa gapi, na mkia wake haukugawanyika. Mfanano huo si wa bahati, kwani macho-taa wa Afrika na wazaaji wa Amerika ni jamaa, na kwa miaka mingi wataalamu waliwaweka katika familia moja ya Poeciliidae kabla ya kuwatenganisha. Tofauti yao kubwa ni kwamba macho-taa hutaga. Jike hubandika mayai machache kwa wakati kati ya majani, nayo huangua baada ya wiki mbili hivi, muda unaotosha kabisa kwa shada la mimea kuchumwa, kusafishwa kijuujuu, kupandwa katika tangi la sebuleni na kusahauliwa.

Ili kumtofautisha macho-taa na gapi aliyekwisha kufikia sentimita 1 au zaidi, mtazamaji aanze na pezi la mkundu. La gapi jike ni fupi, limeshika sehemu ndogo ya upande wa chini wa mwili. La macho-taa lina shina refu, na pezi la mgongo limesogezwa nyuma sana, likianzia juu ya nusu ya mwisho ya lile la mkundu. Kisha hutazamwa ubavu: Lacustricola katangae anapokua hujitokeza mstari mweusi unaotoka mdomoni, ukapita jichoni na kwenda mpaka shina la mkia, ambao gapi wa kijivu hana. Mwisho, chumba kikitiwa giza na mwanga ukaangazwa kutoka juu, ukingo wa juu wa jicho la macho-taa hurudisha mng'ao. Dalili moja peke yake isiaminiwe. Zikikubaliana tatu, shaka hubaki kidogo. Dume la macho-taa, hata likikomaa, halipati gonopodi kamwe, na hilo ndilo hukata mzizi wa fitina kwa mwenye subira ya miezi miwili.

Mshukiwa mwingine wa Katanga hudanganya kwa njia ya ajabu zaidi, kwa kuwa anaonekana kama aliyezaliwa. Familia ya sikilidi, ambamo tilapia wamo, ina spishi nyingi ambazo jike huyachukua mayai mdomoni baada ya kuyataga, akayaatamia humo bila kula, na kuwaachia watoto wanapokuwa na uwezo wa kuogelea. Pseudocrenilabrus philander, sikilidi mdogo wa vijito na mabwawa ya kusini mwa Kongo na nchi za kusini, hufanya hivyo, na Oreochromis macrochir, tilapia mkubwa wa maziwa na mito ya Kongo ya kusini na Zambia, hufanya hivyo pia. Mtu anayeona jike akitoa wingu la watoto walio kamili, wenye ukubwa unaokaribia ule wa watoto wa moli, ana haki ya kudhani ameshuhudia uzazi. Lakini watoto wa sikilidi hukaa pamoja karibu na mama na kurudi mdomoni mwake wakishtuka, ilhali watoto wa gapi na moli hutawanyika na kumkimbia mama yao, ambaye angewala. Mwilini, pezi la mgongo humaliza mjadala: la sikilidi ni refu, limefunika sehemu kubwa ya mgongo, na nusu yake ya mbele ina miiba, la wazaao ni fupi na laini. Tilapia wachanga wengi huwa pia na doa jeusi lenye ukingo mweupe katika sehemu ya nyuma ya pezi hilo.

Kwamba kifaranga wa tilapia apatikane katika tangi la Kolwezi si jambo la mbali, kwa maana Katanga ni mojawapo ya mahali ambapo ufugaji wa tilapia wa kisasa barani Afrika ulijaribiwa kwanza. Katika miaka ya 1940 kituo cha Kipopo, karibu na mji ambao sasa ni Lubumbashi, kilianza kuwazalisha katika mabwawa Oreochromis macrochir pamoja na Coptodon rendalli, tilapia mla majani ambaye halei watoto mdomoni bali hulinda mayai yake chini, na kutoka huko utaalamu ulienea katika koloni lote la Kongo na nchi za jirani. Jambo lililowasumbua wafugaji wa wakati huo ndilo linalomsumbua mwenye tangi leo: tilapia huzaana akiwa bado mdogo, na bwawa hujaa samaki wengi waliodumaa. Kifaranga mmoja aliyeletwa na wavu akikua na kupata mwenzi, tangi la lita 60 huwa dogo kabla ya mwaka kwisha, na gapi huwa chakula.

Wengine hutambulika upesi. Mkia uliogawanyika mara mbili huwaondoa mara moja wazaao wote waliotajwa, kwa kuwa mikia yao ni ya mviringo au iliyonyooka ukingoni. Mkia wa pacha, pamoja na pezi moja la mgongo lililo katikati ya mwili na mdomo ulioelekea mbele au chini, ni alama za samaki wadogo wa jenasi ya Enteromius, ambao ni wengi katika vijito vya bonde la Kongo. Mwenye sharubu nne kila upande, anayekaa chini na kujipindapinda, ni kambale. Akiwa mchanga sana huchanganywa na kiluwiluwi wa chura, lakini kiluwiluwi hana mapezi ya kifuani na utumbo wake uliojikunja huonekana kupitia ngozi ya tumbo. Mdudu mwenye miguu sita na taya linalochomoka ni buu la kerengende, naye atolewe bila kuchelewa, kwa sababu hula vifaranga wa kila aina.

Nafasi ya pekee, ingawa ndogo, ibaki kwa Nothobranchius, samaki wa madimbwi ya msimu ambao mayai yao hulala katika tope kavu wakati wa kiangazi na kuangua mvua zikirudi. Max Poll alieleza Nothobranchius brieni wa eneo la Bukama mwaka 1938, na bonde la Luapula lilitoa Nothobranchius chochamandai mwaka 2014, aliyepewa jina la Auguste Chocha Manda, mtaalamu wa samaki wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tope kavu lililoletwa kutoka mabonde ya mafuriko ili kurutubisha mimea ya tangi linaweza kumtoa mmoja wao siku chache baada ya kuloweshwa, na ukuaji wake wa haraka kupita wote, wa kukomaa ndani ya majuma machache tu, ndio humtangaza.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji maabara. Kifaranga huchotwa kwa kikombe, si kwa wavu, akawekwa katika chupa nyembamba ya kioo iliyojazwa maji ya tangi lilelile, nyuma yake ikasimamishwa karatasi ya miraba ya milimita, na picha kadhaa zikapigwa kwa simu kutoka ubavuni, mwanga ukiwa nyuma ili mapezi yaonekane. Picha ya kutoka juu, ambayo ndiyo watu hupiga kwanza, huficha karibu kila alama iliyoelezwa hapa. Kazi hiyo imalizike kwa dakika chache, hasa asubuhi za baridi, kwani maji kidogo hupoa haraka. Picha zikirudiwa kila wiki, pamoja na tarehe na jina la kijito ambako mimea au maji vilitoka, huwa ushahidi ambao mtaalamu wa Lubumbashi anaweza kuufanyia kazi.

Juhudi hizo zina sababu kubwa kuliko udadisi. Utafiti wa Amy Deacon, Indar Ramnarine na Anne Magurran, uliochapishwa mwaka 2011, ulitaja gapi kuwa wamekwisha kuenea katika angalau nchi 69 nje ya makao yao, na katika majaribio yao jike mmoja aliye na mimba, akiwekwa peke yake, mara nyingi alitosha kuanzisha jamii iliyodumu kwa miaka miwili ya uchunguzi. Baadhi ya nchi hizo, Kenya ikiwemo, zina pia Gambusia, mzaaji mwingine wa Amerika aliyesambazwa katika karne ya 20 ili ale viluwiluwi vya mbu, ambaye katika maji mengi ameshambulia mayai na watoto wa samaki wenyeji. Lualaba ya juu, ile sehemu iliyo juu ya korongo na bwawa la Nzilo, ina samaki wake, nao tayari wanabeba mzigo wa matope na madini kutoka machimboni. Shaba, hata ikiwa kidogo sana majini, huua vifaranga kabla ya kuwadhuru wakubwa. Kuwaongezea mgeni anayekula chakula chao na kuishi mahali pao ni kuwadhulumu, na mtu anayemwaga kijitoni vifaranga asiowajua, akidhani anawarudisha kwao, huenda anawaachia gapi.

Kinyume chake nacho kina hatari. Macho-taa aliyetambuliwa kwa hakika hapaswi kurudishwa kijitoni ikiwa amekaa maji mamoja na samaki wa dukani, kwa sababu wazaao wa biashara mara nyingi hubeba minyoo Camallanus cotti, wenye asili ya Asia, ambao wamesafiri pamoja na gapi mpaka visiwa vya mbali na ambao huonekana kama nyuzi nyekundu kwenye tundu la haja wakati mnyama amekwisha kuathirika. Samaki wa namna hiyo atengewe tangi lake na alindwe humo maisha yake yote, ambayo si marefu. Mimea mipya nayo ikae kwanza katika ndoo ya peke yake, mahali penye mwanga, kwa wiki tatu, muda unaoyapa mayai ya macho-taa na ya Enteromius nafasi ya kuangua na vifaranga kuonekana kabla ya kuchanganyika na wengine. Na maji ya ndoo hiyo yakimalizika kazi, yamwagwe kwenye udongo mkavu wa bustani, mbali na mtaro wowote unaoelekea mtoni.